Programu za biashara zinahamia wingu: sisi tunaoziandika Lubumbashi tubadilishe nini?

FundiKampemba

Jambo wakubwa na wadogo. Nafungua uzi huu kwa wenzangu tunaoandika programu za biashara hapa Lubumbashi, na wa Likasi, Kolwezi na Kasumbalesa pia, pamoja na wenye depo na butiki wanaotuita kazini. Kila mteja siku hizi anauliza kama anunue seva aiweke ofisini au aende kwenye wingu, yaani seva za kukodi za mbali anazozifikia kwa intaneti. Kwangu mimi hilo limekwisha kujibika. Seva ya ofisini inataka umeme wa SNEL usiokatika, inataka jenereta, betri, mtu wa kuifuta vumbi na mlinzi wa kulala mlangoni. Nani bado ana hamu nayo? Kinachonisumbua ni kingine: tunahamisha programu kwenye wingu, lakini tunaziandika kana kwamba intaneti haikatiki. Rezo, yaani mtandao, ikianguka, muuzaji anarudi kwenye daftari, na jioni hakuna anayejua stoku imebaki kiasi gani.

Tulikotoka mnakujua. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa wengi tulianzia zana za kuandikia programu kama WinDev, wengine Access, wengine Visual Basic 6 ya mwaka 1998. Unamaliza programu, unaitia kwenye flashi, unapita kwa wateja kuiweka mashine kwa mashine. Mteja wa Kamalondo ana toleo lake, wa Ruashi ana lake, na hitilafu ileile unairekebisha kwa kila mmoja peke yake. Salesforce ilipoanza San Francisco mwaka 1999 ilikuja na mpango mwingine: programu moja tu, inakaa kwenye seva za mwenyewe, wateja wote wanaingia kwa kivinjari na kulipa kwa mwezi. Kiisha Amazon ikafungua S3 mwezi Machi 2006, ghala la faili la kukodi, na Agosti mwaka huohuo ikafungua EC2, kompyuta za kukodi kwa saa. Hapo ndipo mambo yalipogeuka kwa watu kama sisi. Kijana asiye na uwezo wa kununua seva anakodi moja leo usiku na kuizima kesho akitaka. Na vituo vimesogea: Microsoft ilifungua vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town 2020, Google ikafungua Johannesburg 2024. Kwa mtu wa Katanga, mwenye nyaya zinazopita Kasumbalesa kuelekea Zambia na kusini, hilo si jambo dogo.

Lakini kazi yenyewe imebadilika, na hapa ndipo nataka tukae.

Jambo la kwanza: wateja wote wako ndani ya hifadhidata moja. Wauza sementi wawili wanaoshindana barabara moja, bei zao za kununulia ziko kwenye jedwali moja, zimetenganishwa na namba ya mteja tu. Ukisahau kuweka namba hiyo kwenye ombi moja, umemwonyesha mtu siri ya mwenzake. PostgreSQL, programu ya kuendeshea hifadhidata, tangu toleo la 9.5, la mwaka 2016, ina ulinzi wa safu: hifadhidata yenyewe inakataa kumpa mteja safu isiyo yake hata kama msimbo wako umeteleza. Tuitumie. Kumbukumbu ya mwandishi aliyechoka saa sita za usiku haitoshi kulinda biashara za watu.

La pili, ambalo ndilo kubwa: kuuza bila mtandao. Tuchukue depo yenye kaunta mbili, kila moja na simu ya Android. Stoku inasema sementi mifuko 40. Rezo inakatika. Kaunta ya kwanza inauza 3, simu yake inaandika 37. Kaunta ya pili inauza 5, simu yake inaandika 35. Rezo ikirudi, simu zote mbili zinatuma salio lake, na la mwisho kufika ndilo linalobaki. Programu inasema 35. Ghalani iko 32. Mwenye depo anahesabu mifuko, anakosa mitatu, anamtazama mlinzi. Mtu anaweza kufukuzwa kazi kwa sababu ya namna tulivyoandika mstari mmoja wa msimbo.

Dawa yake inajulikana, na wahasibu walikuwa nayo kabla ya kompyuta kuzaliwa: usitume salio, tuma mwendo. Simu iseme "imetoka 3, kaunta ya kwanza", nyingine iseme "imetoka 5, kaunta ya pili". Zifike kwa mpangilio wowote, seva inatoa 3, inatoa 5, inabaki 32. Salio lisiandikwe na mtu yeyote, lihesabiwe tu. Na mwendo ukishaandikwa usifutwe. Muuzaji akikosea, aandike mwendo mwingine wa kurudisha.

Halafu kila mauzo yapewe namba yake hapohapo kwenye simu, ile namba ndefu ya UUID ambayo simu inajitungia bila kuuliza seva. Sababu ni hii: simu inatuma mauzo, seva inayapokea, lakini jibu linapotea njiani. Simu haijui kama yamefika, inatuma tena. Seva ikiona namba ileile inajua ni yaleyale na haihesabu mara mbili. Ujumbe wa malipo wa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money tuufanyie hivyohivyo, maana uthibitisho unaweza kuchelewa au kuja mara mbili.

Na kila mauzo yabebe sarafu yake na kiwango cha kubadilisha cha saa ileile. Bei zetu zinaandikwa kwa dola, mteja analipa kwa franga, chenji inatoka kwa zote mbili. Programu za kukodi za Ulaya nyingi zinategemea duka liwe na sarafu moja kwa siku. Hapa ukibadilisha kiwango mchana bila kukifunga kwenye mauzo ya asubuhi, faida ya asubuhi inageuka.

Nawasikiliza. Hasa wenye biashara, msikae kimya.

MamaDepo_Katuba

Aksanti mwanangu kwa kufungua jambo hili. Mimi si mtu wa kompyuta, nauza unga na mafuta. Nilikuwa na programu. Kijana aliyeitengeneza alipata kazi kwenye mgodi, akaondoka na neno la siri la hiyo seva ya kukodi. Ada ilipoisha hakuna aliyelipa, kila kitu kikafungwa. Madeni ya wateja wangu yalikuwa humo. Nililazimika kuwapigia watu simu kuwauliza wao wenyewe wananidai au nawadai kiasi gani.

Kwa hiyo mimi swali langu ni hili, kabla ya hayo ya mifuko: vitu vyangu viko mikononi mwa nani? Na kwa nini nilipe dola kila mwezi kwa kitu ambacho zamani nililipa mara moja?

HesabuSawa

Mama, pole sana. Mwenye uzi atakujibu juu ya umiliki. Mimi ni mhasibu, naomba niongeze jambo ambalo vijana wa programu hulisahau.

Papa FundiKampemba, namba ya UUID ni nzuri kwa mashine, lakini fakitire, ile ankara ya mauzo, ni karatasi ya sheria. Tangu Kongo iingie OHADA, ule umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za biashara za pamoja, mwaka 2012 tunafuata SYSCOHADA, kanuni zake za uhasibu, na ile iliyorekebishwa inatumika tangu Januari 2018. Fakitire zinatakiwa zifuatane kwa namba bila kuruka. TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 16 na lazima ionekane. Na sasa kuna fakitire sanifu ya DGI, idara ya kodi ya serikali, inayobeba alama za uthibitisho kutoka kwenye mfumo wao. Simu mbili zisizo na mtandao zitajuaje ipi itoe fakitire namba 118 na ipi itoe 119? Zikitoa 118 zote mbili, mkaguzi ataniuliza mimi, hatakuuliza wewe.

FundiKampemba

Hilo ndilo swali nililotaka mtu alilete, papa HesabuSawa. Namba ziwe mbili. UUID ni ya ndani, mteja haioni. Ya karatasi, kila kaunta iwe na mfululizo wake: K1-118, K2-057. Kila mfululizo unafuatana wenyewe bila kuruka na hakuna kaunta inayohitaji kumwuliza mwenzake. Ila kila simu ifungwe kwa kaunta moja. Ikiharibika, simu mpya haiendelezi mfululizo wa zamani, inafungua wake, K3, na wa zamani unafungwa kwa maandishi. Kabla hujaanza, mwonyeshe mhasibu wa mteja, akubali, ndipo uandike.

Kwa alama za DGI, tutenganishe hatua mbili: mauzo, na kuthibitishwa kwa fakitire. Mauzo yakifanyika bila mtandao yanaingia kwenye foleni, na skrini imwambie muuzaji wazi kwamba fakitire hii bado haijathibitishwa. Usimfiche. Programu inayoonyesha alama ya kijani wakati kitu hakijafika inamdanganya mtu aliyeiamini. Na jinsi sheria inavyotaka iwe pale mtandao usipokuwepo, hapo mwenye neno la mwisho ni mhasibu na DGI, sisi waandishi tusijitungie.

Mama wa Katuba, kwako nina maneno marefu kidogo. Kilichokupata si kosa la wingu. Akaunti ilifunguliwa kwa jina la kijana. Akaunti ya seva ifunguliwe kwa jina na barua pepe ya depo yako, neno la siri la juu kabisa ukae nalo wewe, na fundi apewe ruhusa yake ya kazi ambayo unaweza kuiondoa siku akiondoka. Huduma zote kubwa zinaruhusu hivyo.

Juu ya ada: zamani ulilipa mara moja, lakini mashine ilipokufa ulilipa tena, na virusi vilipoingia ulilipa tena. Sasa unalipa kidogokidogo ili mtu atunze seva na arekebishe hitilafu bila kusubiri umwite. Hiyo ni haki kwa pande zote mbili, mradi mkataba useme mambo mawili. Kwanza, kila wiki upate nakala ya madeni, stoku na mauzo yako kwenye faili ya kawaida ambayo Excel inaifungua, ikae kwenye simu au kompyuta yako. Pili, ukiacha kulipa, usizuiwe kuchukua vitu vyako. Uzuiwe kuendelea kutumia tu. Fundi anayekataa kuandika hayo mawili, mtafute mwingine.

Na nakala hiyo ya kila wiki isidharauliwe hata kama kampuni ya seva ni kubwa. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, kiliungua moto. Jengo moja liliteketea, na waliokuwa wameweka kila kitu humo, nakala rudufu pamoja, walipoteza kabisa. Wingu ni kompyuta zilizomo kwenye nyumba, na nyumba inaungua.

Mwana_wa_Kivu

Salamu kutoka Bukavu. Naona mnazungumzia kufanya kazi bila mtandao kana kwamba ni jambo jipya la kubuni, na huku liko mbele yetu siku zote. Mtu yeyote aliyefanya utafiti na mashirika huku Kivu anaijua KoboCollect. Unajaza fomu kijijini bila mtandao hata kidogo, simu inaziweka, jioni ukifika mahali penye rezo zinakwenda zenyewe. Wizara ya afya inatumia DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliotoka Chuo Kikuu cha Oslo, na programu yake ya Android nayo inaandika kwanza kwenye simu. Seva iko mbali, kazi inafanyika hapa. Watu wa biashara wamechelewa kuiga watu wa afya.

Nawakumbusha pia kwamba mtandao haukatwi na mvua peke yake. Tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, na SMS pia, hadi Januari ilipofika katikati na kupita. Karibu wiki tatu. Programu inayovumilia saa mbili haikusaidii hapo. Na Machi 2024 nyaya kadhaa za baharini zilikatika kwa wakati mmoja karibu na Côte d'Ivoire, WACS ikiwemo, ile inayotua Moanda. Fundi, hiyo foleni yako ya mauzo inavumilia wiki tatu?

FundiKampemba

Inavumilia, ndugu, kama imeandikwa kwenye SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya simu, na si kwenye kumbukumbu ya kivinjari tu. Mauzo ni maandishi, hayali nafasi. Shida ya wiki tatu ni simu kuibwa au kuanguka majini kabla ya kutuma. Kwa hiyo simu za depo moja zipeane mauzo zenyewe kwa Wi-Fi ya ndani, hata kama Wi-Fi hiyo haina intaneti. Hifadhidata za CouchDB na ndugu yake PouchDB zilitengenezwa kwa ajili ya jambo hilihili: kila upande una nakala, na zikikutana zinapatana. Umenipa hoja nzuri juu ya Kobo. Wateja wengi wameiona kazini kwa jamaa zao, nitaanza kuitolea mfano.

Kijana_UNILU

Yaya FundiKampemba, niko mwaka wa mwisho wa informatiki. Kwenye video wote wanasema tusome Docker na Kubernetes, zana za kuendeshea programu kwenye seva, vinginevyo hutapata kazi ya wingu. Wewe unasemaje? Na kuna haja gani ya kuandika programu wakati programu ya biashara kama Odoo ipo tayari?

FundiKampemba

Mdogo wangu, Docker isome, inakusaidia programu ifanye kazi kwenye seva kama inavyofanya kwenye mashine yako. Kubernetes ilitoka Google mwaka 2014 kwa ajili ya watu wenye seva nyingi mno. Wewe na mwenzako mnaohudumia butiki za Kenya na Katuba, mitaa yetu ya hapa Lubumbashi, hamuihitaji. Itakula muda wenu wote na ada juu yake. Nguvu zako ziweke kwenye SQL, SQLite kwenye simu, Git, na kusoma orodha ya bei za wingu kabla ya kubonyeza. Hiyo ya mwisho naisisitiza. Huduma nyingi zinapokea data yako bure, kiisha zinakulipisha kuitoa. Picha za risiti zinazopakuliwa kila siku na kila tawi zinaweza kugharimu kuliko seva yenyewe.

Kuhusu Odoo, uko sahihi kuliko unavyodhani. Ilianza Ubelgiji mwaka 2005 kwa jina la TinyERP, na toleo lake la jumuiya ni huria. ERPNext ya Wahindi nayo ni huria. Zote zinajua stoku, ununuzi, hesabu. Kuandika upya hesabu za SYSCOHADA kutoka mwanzo ni kupoteza ujana wako. Chukua hiyo iwe nyuma, kwenye wingu, kwa mhasibu. Wewe andika kipande cha mbele: simu ya kaunta, inayouza bila mtandao, kwa franga na dola, kwa Kiswahili anachosema muuzaji. Kipande hicho hakuna mtu wa Ubelgiji atakayekuandikia, kwa sababu hajawahi kusimama kwenye kaunta hiyo.

HesabuSawa

Hapo nakuunga mkono kabisa. Ila kijana asome pia Code du numérique, sheria ya nchi juu ya mambo ya kidijitali, ile ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023. Inagusa data binafsi za watu. Madeni na namba za simu za wateja wa mama wa Katuba ni data za watu, na seva ikiwa Cape Town au Paris zimekwisha kuvuka mpaka. Mwanasheria aulizwe mapema, mkataba ukiwa bado haujatiwa sahihi.

Deklara_Kasumbalesa

Nasoma tangu jana bila kuandika. Mimi nafanya kazi ya forodha mpakani, na tuna matawi mawili, hapa na Kinshasa. Programu yetu iko kwenye wingu. Malori yanayoingia usiku sana yanaonekana kwenye ripoti kama ya siku iliyotangulia. Aliyetuuzia anasema wauzaji wetu wanaingiza vibaya. Tumegombana ofisini kwa hilo.

FundiKampemba

Ndugu Deklara, wafanyakazi wako muwaache, hawana kosa. Kongo ina kanda mbili za saa. Kinshasa iko UTC+1, yaani saa moja mbele ya UTC, ile saa ya dunia ya kulinganishia; sisi wa mashariki na kusini tuko UTC+2. Bila shaka seva yenu imewekwa "Africa/Kinshasa", kwa hiyo lori linaloingia Kasumbalesa saa sita na nusu usiku, kule bado ni saa tano na nusu ya jana. Kila kitu kinachoingia ndani ya ile saa moja baada ya usiku wa manane kinarudi siku nyuma.

Mwambie fundi wenu ahifadhi saa zote kwa UTC, kiisha kila tawi lionyeshwe kwa saa yake: "Africa/Lubumbashi" kwenu, "Africa/Kinshasa" kwa wenzenu. Majina yote mawili yamo kwenye orodha ya saa za dunia ambayo seva zinaitumia, hakuna cha kununua. Za nyuma aangalie kwanza zimehifadhiwaje kabla ya kugusa chochote. Zikiwa zimehifadhiwa kwa UTC tayari, ripoti zitajirekebisha zenyewe. Zikiwa zimehifadhiwa kwa saa ya Kinshasa bila alama, achukue nakala rudufu kwanza, ndipo azigeuze.

Deklara_Kasumbalesa

Nimeangalia sasa hivi na kijana wa mitambo. Imeandikwa Africa/Kinshasa kweli, na saa zimehifadhiwa bila alama. Anachukua nakala rudufu usiku huu. Kesho nitamwomba radhi karani wa zamu ya usiku mbele ya wote.

MamaDepo_Katuba

Nami nimemwambia binti yangu aniandikie hayo mawili ya mkataba kwenye karatasi. Fundi mpya anakuja Jumatatu. Papa HesabuSawa, naomba unitumie ujumbe wa ndani, nataka na wewe uwepo akija.